Ndiva ya Kilobaiti Nne

Siku ile mjinga alikuwa Tumainieli. Tulimalize hilo mapema, maana watu wa Vudee wakianza kuisimulia habari hii hupenda kuzunguka: mara lawama inauangukia mtandao, mara inamwangukia shetani, mara inamwangukia Mzee Eliufoo, ambaye kosa lake lilikuwa kuona foleni na kuingia. Hapana. Mjinga alikuwa Tumainieli, mwenye miaka ishirini na saba na cheti cha kompyuta kilichopigwa plastiki, na ujinga wake ulikuwa wa daraja la juu, ule ambao mtu haupati bila kuusomea.

Ilikuwa 2017, mwaka ambao ukimuuliza mtu hali alikujibu vyuma vimekaza, akapita. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Dar es Salaam ilipunguza wafanyakazi kwa haki kabisa: walibaki wale ambao mkurugenzi alikuwa akila nao Krismasi. Tumainieli akarudi Upareni, na kwa kuwa huku hapakuwa na kampuni ya kumpunguza mara ya pili, akaenda Hedaru kwa shemeji yake Zebedayo kuuza vitunguu kwenye madirisha ya mabasi. Miezi minane. Alijifunza kukimbia sambamba na basi la Arusha huku anarudisha chenji, na alizoea kuitwa Programa na watu waliolitamka neno hilo kama jina la ng'ombe mvivu.

"Programa! Basi hilo! Au unasubiri lijipakue lenyewe?" Zebedayo alikuwa akipaza sauti, kisha anacheka mpaka wavu wa vitunguu unamdondoka.

Kwa hiyo ieleweke kijana alikuwa anapigania nini. Kwenye barua pepe zake aliandika "ubunifu" na "maendeleo ya vijijini", maneno mazuri yasiyo na harufu. Moyoni alikuwa anapigania asirudi kwenye vitunguu. Basi.

Silaha yake ilikuwa hivi. Kulikuwa na duka moja kubwa la mtandaoni huko Dar, ambalo hatulitaji jina kwa sababu lenyewe lina wanasheria na sisi hatuna. Duka hilo lilikuwa na API, yaani mlango wa uani ambao programu za watu wengine hupitia kuulizia bidhaa na kuweka oda bila kupita mbele kwenye mapambo. Soko huria, ambalo kwa miaka thelathini lilikuwa likifika kwenye lami ya Same, linautazama mlima, linakohoa, linageuza, sasa lingepanda Vudee kwa simu. Mtu angeagiza bomba la kunyunyizia dawa akiwa amekaa kwenye kigoda chake, na mzigo ungemfuata. Shida ni kwamba programu ya JavaScript ambayo duka lenyewe liliitoa kwa ajili ya kupita mlango huo ilikuwa na uzito wa kilobaiti mia sita. Kwa mtandao wa Vudee, hiyo ukianza kuipakua siku mtoto anabatizwa, inamaliza siku ya kipaimara.

Tumainieli akaandika ya kwake. Ganda jepesi la JavaScript la kuuvalisha ule mlango, na ukurasa mmoja wa simu wenye vitufe vitatu: Tafuta, Kikapu, Agiza. Akatoa picha. Akatoa rangi. Akatoa matangazo, jambo ambalo peke yake lingempatia thawabu. Bado ganda likawa na kilobaiti tano, na yeye alikuwa ameshawatangazia watu kwamba ni nne. Akalikagua tena mstari kwa mstari, akaikuta ile sehemu ndogo ambayo programu ya duka ilikuwa nayo na yeye ameinakili bila kufikiri: ile inayoangalia kama kikapu kina kitu ndani, halafu inamuuliza mteja, "Una hakika?"

"Mtu akibonyeza Agiza si ameshaamua?" alijisemea. "Tunamuuliza hakika gani, hii ni ndoa?"

Akaikata. Kilobaiti nne kamili. Alifurahi siku mbili.

Duka likampa ufunguo wa majaribio wa mwezi mmoja, yaani msururu wa herufi na tarakimu ambao bila huo mlango haufunguki. Ufunguo ulikuja na masharti. Malipo ni mtu akipokea mzigo. Na wateja wakikataa zaidi ya oda moja kwa kila kumi, ufunguo unafungwa na mwenye nao hapewi mwingine. Tena ufunguo wa majaribio uliruhusu maulizo machache kwa saa. Vudee nzima ikibonyeza kwa pamoja, mlango ungejifunga kwa kuhemewa. Ilibidi watu wapokezane.

Hapo ndipo akili ilipomzidi mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa bado wamesimama nje kwenye mnada wa sadaka. Jogoo alikuwa ameshauzwa mara tatu, maana kila anayemnunua anamrudishia mchungaji kwa sifa. Tumainieli akaomba dakika tano. Mbele kabisa alikaa Bibi Hedwiga, mjane wa miaka sitini na kitu, mgawa maji wa ndiva ya kijiji. Ndiva ni lile bwawa la udongo na mawe linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu zote zilikuwa kwenye daftari la Bibi Hedwiga, na watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa hakimu wa Same, kwa kuwa hakimu unaweza kumkatia rufaa.

"Shikamoo bibi. Shikamooni wazee."

"Marahaba. Sema, jua linapanda."

Tumainieli akaeleza vitufe, akaeleza mzigo utakavyofika, akaona nyuso zinamtazama kwa adabu ile ambayo watu humpa mgeni anayeongea usingizini. Ndipo mwanga ukamjia.

"Wazee wangu, hii kitu ni kama ndiva. Kila kaya ina zamu yake ya robo saa. Zamu ikifika unafungua, unabonyeza. Robo saa ikiisha, inakwenda kwa jirani."

Nyuso zikafunguka. Watu wakaanza kutikisa vichwa, wengine wakacheka kwa raha ya kuelewa.

"Na asiyefungua zamu yake?" Bibi Hedwiga akauliza, kalamu mkononi.

"Inapita, bibi. Inahesabika imekwenda kwa mwingine."

"Kama maji."

"Kama maji hasa!"

"Vizuri," akasema, akaandika.

Watu wengi wameleta miradi kule mlimani na wote wamelalamika kwamba wananchi hawakuwaelewa. Tumainieli hana haki ya lalamiko hilo. Yeye walimwelewa mpaka chini kwenye tope. Vudee, zamu ya maji isiyofunguliwa imekufa. Hata kama mvua imenyesha jana na mahindi yako yanaogelea, unatoka na jembe, unazibua, unayaacha maji yapite kidogo, jirani anakuona, unaziba, unarudi kunywa uji. Usipofanya hivyo, mzunguko ujao jirani atauliza, "Si mwezi ule hukuyahitaji?" na hapo kesi itakuwa imezaliwa, kesi itakayolishwa, itakayokua, itakayokuja kurithiwa na wajukuu pamoja na shamba lenyewe.

Jumatatu Tumainieli alikaa Same mjini, kwenye duka la rafiki yake la kutoa fotokopi karibu na stendi, kompyuta mapajani. Saa moja kamili asubuhi oda ya kwanza ikaingia. Saa moja na robo, ya pili. Saa moja na nusu, ya tatu. Ziliendelea kuingia kila robo saa kama dawa ya hospitali. Kaya arobaini na tatu. Hadi saa kumi na mbili kasoro robo jioni, oda arobaini na tatu. Hakuna hata kaya moja iliyoruka.

Mtu mwingine angejiuliza tangu lini Wapare arobaini na tatu wakakubaliana kununua siku moja bila hata mmoja kuomba kupunguziwa. Mtu mwingine angeangalia wameagiza nini. Lakini ukurasa wa kumbukumbu wa Tumainieli nao ulikuwa mwepesi. Ulionyesha idadi ya oda na saa zilipoingia, na majina ya bidhaa ulimwachia Mungu. Akampigia Zebedayo.

"Shemeji, ule wavu wangu mpe mtu mwingine."

"Nimpe kabisa, au nimkodishie?"

"Mpe kabisa!"

"Nimkodishie basi," Zebedayo akasema, akakata simu.

Ijumaa akapigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa Raymond, msimamizi wa usambazaji wa duka, aliyefika Same na pikapu. Sauti yake ilikuwa na heshima iliyochoka. Alitaka kupanda mwenyewe akawaone hawa wateja, alisema, kwa sababu ofisini Dar watu walikuwa wameanza kubishana. Tumainieli akadhani ni pongezi. Akavaa shati la mikono mirefu.

Walipanda kupitia Mwembe, kona baada ya kona, Raymond akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili na viatu vyake vyeusi vya ngozi vikibadilika rangi taratibu kuwa vya Upareni. Kwenye uwanja wa ghala la tangawizi watu walikuwa wameshajaa. Raymond akapanda nyuma ya pikapu, akasoma jina la kwanza.

"Hedwiga."

Bibi Hedwiga akasogea, akapewa boksi jembamba, refu kama la mshumaa wa Pasaka. Akalifungua. Ndani mkatoka kifimbo cha chuma chenye mpini wa rangi ya waridi na makucha mawili ya plastiki huku juu. Alipokivuta kikarefuka. Akakisukuma, kikafupika. Akakivuta tena.

"Hiki ni nini?"

"Ni fimbo ya kujipigia picha, mama," Raymond akasema. "Unachomeka simu hapa, unanyoosha mkono, unajipiga."

"Nijipige kwa kosa gani?"

Watu wakaangua kicheko. Raymond akasoma jina la pili. Fimbo. La tatu. Fimbo. Kufikia la kumi uwanja ulikuwa na vifimbo vya waridi vikirefuka na kufupika kila mahali kama konokono wanatoa pembe. Mzee Eliufoo alijaribu kukiegemea chake, kikajikunja, nusura ajikute chini.

"Hakichungi mbuzi, hakifiki kwenye parachichi," akatoa hukumu yake. "Rudisha."

Wote wakasema rudisha. Mwalimu Sifael peke yake alikuwa ameagiza taa ya sola na akapewa taa ya sola, na Eva wa bondeni akapata bomba lake la kunyunyizia. Waliobaki, kaya arobaini na moja, fimbo arobaini na moja, zikarudi kwenye pikapu moja moja. Tumainieli alikuwa amesimama kando na shati lake la mikono mirefu, anahesabu bila kutaka. Sharti lilikuwa moja kwa kumi. Alianza kuisikia harufu ya vitunguu.

Raymond akateremka, akatoa simu. "Kaka, sina ubaya na wewe. Lakini sheria unaijua. Ufunguo naufunga hapahapa."

"Subiri! Itakuwa mtandao. Mtandao wa huku unachanganya…"

"Mtandao umechagua fimbo mara arobaini na moja?"

Hilo hata Tumainieli aliliona ni gumu. Akawageukia watu wake kwa hasira ya mtu anayezama.

"Jamani! Mzee Eliufoo, wewe uliagiza fimbo?"

"Mimi sikuagiza kitu. Nilisikia watu wana zamu, nikaingia kwenye zamu. Mwaka themanini na tatu, wakati wa duka la kaya, uliona foleni ukaingia, kinachouzwa utakijua ukifika mbele. Ukisubiri kujua kwanza, sabuni imeisha."

"Kwa hiyo ulibonyeza bila kuchagua?"

"Nichague ili iweje, nilikuwa nataka kitu?"

Tumainieli akamtazama Bibi Hedwiga, na Bibi Hedwiga akamtazama yeye kwa huruma, kama mtu anayemfafanulia mtoto kwa nini moto unaunguza.

"Mjukuu wangu, wewe mwenyewe ulisimama pale kanisani ukasema ni kama ndiva. Nikakuuliza, asiyefungua? Ukasema imekwenda kwa mwingine. Sasa ulitaka zamu yangu niiache iende kwa Eliufoo?"

"Ingekuwa imeangukia mikono mizuri," Mzee Eliufoo akasema.

"Nyamaza. Nikafungua, nikabonyeza Agiza, nikarudi kumenya ndizi. Zamu yangu iko hai, na hapa kila mtu amefanya hivyohivyo."

Ikamwingia Tumainieli. Kikapu kitupu. Watu arobaini na moja walibonyeza Agiza na kikapu kitupu, na kile kipande ambacho kingewaambia "hujachagua kitu, una hakika?" alikikata yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akafurahi siku mbili. Alikaa juu ya gunia la tangawizi, akafungua kompyuta, safari hii akaingia kwenye maombi yenyewe yaliyohifadhiwa humo, akamsogezea Raymond. Oda baada ya oda, mahali pa bidhaa palikuwa peupe.

"Umeona?" Raymond akasema, naye hakuwa amefurahi. "Kosa ni lako. Umetuletea maombi matupu."

"Ni langu," Tumainieli akakubali. Kisha akainua kichwa polepole. "Ila mimi nimewaletea matupu. Fimbo imetoka wapi?"

Raymond akamrudishia kompyuta. "Kwenye mfumo… ombi likiwa halina bidhaa, API inajaza bidhaa ya wiki. Ni mambo ya idara ya mauzo."

"Inajaza?" Bibi Hedwiga akauliza. Alikuwa amesogea na kigoda chake. "Hebu nieleweshe, baba, mimi sikusoma kompyuta. Mtu akija dukani kwenu akasimama mbele ya kaunta, kimya, mnamfanyaje?"

"Tunamuuliza anataka nini, mama."

"Mnamuuliza! Sisi tumesimama kimya watu arobaini na moja, mchana kutwa, mmoja baada ya mwingine. Hamkuuliza. Mkatufungia fimbo, mkazipakia, mkaziendesha mpaka huku, na sasa mnataka kumfungia kijana wetu kwa kuwa hatukuzitaka. Karatasi yako inasemaje, tukikataa tulichoagiza au tukikataa mlichotuchagulia?"

Raymond akakitazama kile kipande cha sharti kwenye simu yake, akakisoma tena akichezesha midomo. Alikuwa mtu mwaminifu, jambo ambalo kazini kwake halikuwa limemfikisha popote. Akauliza mtandao unashika vizuri wapi. Akaonyeshwa jiwe nyuma ya ghala, akapanda na viatu vyake, akaongea na Dar kwa muda mrefu, mkono mmoja ukipunga hewani. Watu walisikia "kimya" mara mbili na "magazeti" mara moja. Kisha akateremka.

"Wamekubali," Raymond akasema. "Fimbo zinarudi na hazihesabiki. Ufunguo unabaki wazi mpaka mwezi uishe, oda zinazohesabika ni zile mbili za kweli, na zote zimepokelewa."

Vigelegele vikapanda. Mtu akampiga Tumainieli mgongoni kwa nguvu isiyo ya lazima.

"Ila kuna sharti," Raymond akaendelea. "Sisi tutarekebisha huko kwetu, na wewe unarudisha ile sehemu ya ukaguzi. Kikapu kitupu kisipite. Na mteja aulizwe kama ana hakika, kabla ya kila oda. Leo hii."

Hapo mtu mwenye akili timamu husema ndiyo, asante, karibu tena. Tumainieli, ambaye dakika tano kabla alikuwa ameketi juu ya gunia akinusa Hedaru, alikunja uso.

"Kaka, hiyo sehemu itaniongezea uzito."

"Itakuongezea nini?"

"Itafika kilobaiti tano! Mimi nimeshaitangaza nne. Sifa yake yote ni wepesi. Huku mtandao ni wa shida, kila kilobaiti ina maana, hamwezi kuelewa nyie mnaokaa Dar. Nimekaa wiki tatu napunguza, herufi kwa herufi…"

"Kaka, ni swali moja tu!"

"Leo swali, kesho picha, keshokutwa mmeniletea zile mia sita. Nikiirudisha hiyo, nimefanya kazi gani? Si bora msiniachie ufunguo kabisa!"

Raymond akatazama juu, akatazama pikapu. Bibi Hedwiga akasimama, akakikung'uta kigoda chake na kukitia kwapani.

"Tumainieli," akasema, "miaka arobaini napanda mlima huu na mzigo wa tangawizi kichwani. Ukinielemea, natupa tangawizi. Bado sijawahi kutupa kichwa."